Hewa Niliyoisahau kwa Mwalimu

Mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi aliletwa kwenye kitengo chetu cha mionzi hapa Eldoret akiwa mgonjwa, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama siku hizi naweka nukta ya desimali mahali pake. Nina miaka arobaini na moja. Nilisimama wima vile vile, kama niko darasani.

Moyo wake ulikuwa ukikimbia ovyo. Dawa zilishindwa, na kifaa alichowekwa kifuani kilimpiga shoti kila mapigo yalipovurugika. Mara moja kilimpiga kanisani Kapsoya, waumini wakadhani ameshukiwa na Roho. Ofisi yetu iko chini kabisa. Siku hiyo alipoondoka, alipumzika mara tatu kwenye ngazi.

Madaktari waliamua kukilenga kwa mionzi, mara moja tu, kile kipande cha moyo kinacholeta fujo. Kazi yangu ni kukokotoa kipimo. Kikipungua, fujo inaendelea. Kikizidi, naunguza mapafu ya mtu aliyenifundisha kugawanya.

Kompyuta ilitoa jibu. Nikalihakiki kwa mkono, na majibu hayakulingana. Nitasema ukweli: niliamini karatasi yangu. Nina kiburi, na aliyenipa ni yeye.

Aliporudi kupigwa picha za mwisho, akanyoosha mkono. "Wapi working? Hatua zote za hesabu."

"Mwalimu, wagonjwa huwa hawaonyeshwi."

"Mimi si mgonjwa, mimi ni mwalimu mwenye moyo mbaya. Lete."

Akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Yeye alistaafu zamani, kalamu bado. Alisoma mstari kwa mstari hadi nikaanza kujikuna. Kisha akagonga mchoro wangu wa kifua.

"Hapa umeandika maji. Huku pia maji. Kwani mimi ni mtungi? Hewa ya mapafu umeweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka popote. Sisi huhesabu mwili kama maji, lakini mapafu yamejaa hewa, na mionzi hupita humo tofauti. Kompyuta iliikumbuka; mimi, na masomo yangu yote, nilikuwa nimemjaza mzee wa watu maji. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto.

Kesho yake nilinunua sponji ya godoro Langas, na moyo wa ng'ombe kwa muuza nyama wa Kimumu, ambaye alitaka kujua kama nitaupika na dania. Sponji ikawa mapafu. Nikauweka moyo katikati, nikapachika vipimio vya mionzi, nikawasha mashine. Mwenzangu akachungulia mlangoni.

"Kwani siku hizi lunch unapikia hapa?"

Vipimio vilikubaliana na kompyuta. Nikairudia hesabu yangu, safari hii na hewa, nayo ikakubali.

Siku ya matibabu Mwalimu alilala kwenye kitanda cha mashine, akanishika mkono.

"Naogopa," akasema.

"Hata mimi, Mwalimu."

"Vizuri. Basi umerudia kuangalia."

Miezi michache baadaye alirudi, kifaa kikiwa hakijampiga shoti hata moja. Hakusema asante. Aliitisha ile karatasi ya kwanza na ile ya pili, akazisoma zote mbili, akaandika juu kwa wino mwekundu: nane kwa kumi.

"Na hizo alama mbili?" nikauliza. Machozi yalikuwa karibu, na nilijichukia kwa hilo.

"Ni za hewa," akasema, akachukua kofia yake, akazipanda ngazi zote bila kusimama.