Siku Joka Alipotolewa Nje Badala Yangu

Jamani, mimi nina aibu yangu moja ambayo nikiikumbuka hata leo, na meno yangu yaliyobaki ndiyo haya mnayoyaona, nafunika uso kwa kanga kana kwamba waliokuwepo bado wananitazama. Wengi wao wamekwisha kufa, Mungu awarehemu, na nadhani baadhi walikufa huku wananicheka. Basi sikieni kwangu mwenyewe kabla hamjasikia kwa watani zetu, maana wale wanaongeza chumvi.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, yeye yuko bomani kule chini Morogoro na sisi tuko huku juu Uluguru ambako ukungu hauondoki mpaka jua lipande. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mndewa, yaani mkubwa wa ukoo, na kwa kuwa kwetu urithi hupita kwa mama, mimi binti wa dada yake nilihesabika mtu wa maana (Mjerumani aliniita binti mfalme, nikacheka sana, binti mfalme gani anapalilia maharage). Kazi yangu tangu mdogo ilikuwa kuwapelekea majoka chakula chao. Msinikodolee macho. Majoka walikuwapo, mama na mwanawe, kwenye dimbwi chini ya maporomoko, na hawakuwa wa kutema moto kama mnavyowatishia watoto. Wa kwetu walitema ukungu, na ukungu ule ndio uliokuwa ukinywesha mashamba yetu. Wasichana wenzangu waliwaogopa. Mimi niliwaona kama mifugo yenye tabia ngumu, na yule mdogo nilimwita Makamasi, kwa sababu pua yake haikukauka hata siku moja.

Nilipovunja ungo nikawekwa ndani. Mwali wa kwetu akiwekwa ndani haonwi na mwanamume, hapazi sauti, hatembei ovyo, kazi yake ni kufundwa na kula, na mimi nilikaa humo mahindi yakapandwa na kuvunwa na kupandwa tena. Kungwi wangu, Bi Mkunde, mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubebea magogo, alinifunda adabu mpaka akachoka: akisema niinamishe kichwa mimi nauliza kwa nini, akisema ninyamaze nauliza mpaka lini. Kula tu ndiko hakukunipa shida. Makamasi naye alinikosa, akawa anashuka alfajiri mpaka nyuma ya nyumba, nami nikatoboa tundu kwenye udongo wa ukuta, nyuma ya kapu kubwa la mahindi, nampitishia ugali, na siku nyingine anajipenyeza kabisa (mrefu alikuwa, lakini laini kama mkia wa ng'ombe) anakuja kulala miguuni pangu. Mama aliamini ugali wote ule naula mimi, akafurahi moyo.

Siku chache kabla sijatolewa nje, Mjerumani akapanda mlima na askari wake na mkalimani. Alikuwa amesikia habari za majoka na alitaka ngozi, ijazwe majani makavu ikawekwe kwao Ulaya watu waitazame. Mjomba akamwambia hakuna mnyama kama huyo, ni hadithi za kina mama, na yule bwana akajibu kwamba yeye ana muda wa kutosha, akasimamisha hema lake pale pale uwanjani kwetu. Alfajiri ya siku yangu tukasikia bunduki zinalia maporomokoni. Joka mama alizama chini kabisa ya dimbwi, lakini mwanawe, mjinga yule, akatelemka mbio, akaingia kwa tundu lake na kunilalia mapajani anatetemeka.

Hapo ndipo nilipoamua kitu kidogo tu. Nilichukua kaniki kubwa ya kutokea, ile inayomfunika mwali kutoka utosini mpaka unyayoni, nikamfunika nayo kitandani pangu, nikamwambia asicheze, naenda kuchungulia nyuma kama njia ya mlimani ina askari. Kuchungulia tu, kisha nirudi. Nikaingiza kichwa tunduni, mabega yakapita, na kiuno kikagoma. Nilikuwa nimesahau (jamani, mtu anasahauje mwili wake mwenyewe) kwamba tundu lile nililitoboa nikiwa bado mwembamba. Mbele sisogei, nyuma sirudi, kichwa kiko kwenye migomba na miguu iko nyuma ya kapu la mahindi, na wakati huo huo nasikia mlango unafunguliwa na kina mama wanaingia na vigelegele.

Sasa fahamuni desturi yenyewe. Siku ya kutoka, mwali hamulikwi kwa taa, hafunuliwi, haulizwi neno, na akiwa mzito ndiyo sifa ya nyumba, maana amelishwa. Wakamkuta amefunikwa, amejikunyata, kimya. Wakampandisha mabegani kwa Bi Mkunde, naye akaguna kwa ule uzito, na kina mama wakaupokea mguno ule kwa shangwe. Mimi nitapiga kelele vipi, na Mjerumani yuko hatua chache nje? Nikafunga mdomo, nikasikiliza ngoma yangu inaondoka bila mimi.

Na kutoka pale migombani, maana nyumba ilikuwa ukingoni mwa uwanja, niliona kila kitu. Niliona ile kaniki ikipanda na kushuka juu ya vichwa vya watu, niliwaona wazee wakitikisa vichwa kwa kuridhika, nikasikia shangazi zangu wakisema kumbe mtoto huyu amefundika, tazama alivyotulia, tazama alivyoinama. Nawaambia kweli, sikucheka. Maisha yangu yote sikuwahi kusifiwa vile, na anayesifiwa ni joka mwenye mafua. Nikawaza, kama wanachotaka ni uzito na ukimya, basi hata gunia la mtama lingetosha.

Kisha Mjerumani akainuka kitini kwake. Alitaka kumwona binti mfalme uso. Mjomba akamweleza kupitia kwa mkalimani kwamba haifai, yule bwana akacheka, akaenda hadi kwa Bi Mkunde na kuinua fimbo yake aifunue kaniki kwa ncha. Na chini ya kaniki, kwenye upindo, mimi nilikwisha kuuona mkia.

Sikuwaza. Nilijisukuma kwa nguvu zote za ugali wa mama, ukuta ukapasuka, nikatoka na kipande chake kiunoni, fito na udongo vimenizunguka kama rinda, miguu isiyozoea kutembea inapepesuka, na nikajitupa katikati ya uwanja mbele ya ukoo mzima.

"Mwali ni mimi," nikasema, tena kichwa juu. "Nitazameni mimi."

Basi wanaume wote wakageuka. Kwetu mwanamume akikutana na mwali asiyefunikwa humpa mgongo papo hapo, na wale askari, ingawa walivaa kofia za serikali, walizaliwa na mama zao kama sisi, nao wakageuka na bunduki zao wakatazama migomba. Mkalimani akageuka. Mjerumani akabaki peke yake ananitazama mimi na rinda langu la udongo, anafoka amri zake, na hapakuwa na wa kumtafsiria wala wa kumtii. Hakumwona Bi Mkunde alivyoondoka polepole na mzigo wake kuelekea njia ya mlimani. Punde tukasikia chafya moja kubwa huko juu, na ukungu ukashuka mzito hata nisiuone mkono wangu. Uliganda uwanjani siku nyingi, mpaka yule bwana akachoka na kulowa, akashuka zake mikono mitupu.

Bi Mkunde aliporudi shingo yake ilikuwa na mikwaruzo, naye akajipaka mafuta. Nilipomwomba radhi kwamba nilimbebesha joka bila yeye kujua, akanitazama.

"Nilijua tangu nilipompandisha," akasema. "Wewe usingetulia."

Hilo lilinichekesha. La mama halikunichekesha. Mwali akishaonwa hachezwi ngoma tena, na mama alikuwa ametunza pombe na kuku na nguo kwa ajili ya siku ile moja. Jioni alikaa kizingitini, macho yamevimba. Nikadhani analia kwa aibu niliyomletea.

"Nililia pale ulipopita mabegani," akaniambia. "Nikasema, leo mwanangu amekua. Nikalia kwa furaha mpaka nikakaa chini. Machozi yale sina mengine."

Makamasi alipona, na mashamba yakanyweshwa, na kama ingerudi siku ile ningetoka tena na ukuta wangu. Lakini mama alilia machozi ya kunizaa mara ya pili, akamlilia mwingine, na hilo sijui nimshtaki nani. Ndiyo maana nilipokuja kuwatoa mabinti zangu, kila mmoja kwa zamu yake, kabla hajabebwa niliwasha taa, nikafunua kaniki, nikamtazama usoni mpaka nikashiba, makungwi wamenuna na desturi imevunjika. Kisha ndipo nikalia.