Aliniambia nikate kulia, sasa anataka nimnong'oneze

(Mwenye kisa hiki yuko Kolwezi. Jina lake tunalo sisi tu. Msomeni hadi mwisho kabla ya kuandika.)

Habari zenu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na sita, ninakaa Manika na ninauza vitenge sokoni. Mume wangu anaendesha benne mgodini, yale malori makubwa ya kumwaga udongo. Ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnisamehe nikikosea.

Kila kiangazi kanisa letu linaenda kambi ya maombi kando ya ziwa. Mama mkwe wangu anaumwa miguu, hawezi kulala chini kwenye hema. Basi nikanunua ruloti, nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari, kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ni jasho langu, hakuna aliyenichangia. Yule mgeni alinifundisha kuirudisha nyuma kwenye uwanja wa mpira. Aliniambia nishike usukani kwa chini, na upande ninaotaka ruloti iende, mkono uende upande huo huo. Maana ukikata usukani kulia, ruloti inakwenda kushoto. Nililia, nilitukana, lakini nikajua. Mume wangu nilimwita aje tujifunze pamoja. Akacheka. "Mi naendesha benne kila siku, utanifundisha nini?"

Lakini benne haina kitu cha kuvuta nyuma! Ukikata kulia, inakwenda kulia, basi. Hilo hakutaka kulisikia.

Mwaka jana tukafika kambini. Nafasi yetu ilikuwa nyembamba, kulia mti, kushoto jiko la akina mama, vijiti vimefunikwa na turubai, na sufuria kubwa ya maharage ya kambi nzima iko motoni. Nikaanza kurudi nyuma vizuri, polepole. Bwana wangu akaona watu wanatazama. Akashuka, akasimama nyuma, akaanza kupunga mikono kama yuko mgodini, akiniamuru nikate kulia.

"Kata droite! Droite, mama!"

Nikatoa kichwa dirishani. "Tata, nikikata droite itaenda gauche, kwenye jiko!"

"Unabishana na mi mbele ya bantu? Fanya sawa vile nakuambia!"

Mama mkwe, aliyekaa kiti cha nyuma na watoto, akasema, "Sikia bwana yako." Na mimi nikasikia. Ndugu zangu, nilijua kabisa kitakachotokea, na nikakata kulia kwa sababu alikuwa mume wangu na watu walikuwa wanatazama.

Ruloti ikaingia jikoni. Vijiti vikavunjika, turubai likaanguka, maharage yote chini. Namshukuru Mungu akina mama walikimbia, hakuna aliyeungua. Nikashuka, nikitegemea mume wangu aseme neno. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akageukia watu: "Munaona? Mi nilimuambia!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa kanisa akanipigia kelele, "Mama, volant haiko muiko ya bukari!" Yaani usukani si mwiko wa kusongea ugali. Jumapili yake mhubiri akasimama akaeleza habari ya mwanamke asiyesikia sauti ya mumewe, na kila jicho likanigeukia. Mimi! Niliyemsikia! Mume wangu alikuwa pembeni yangu, akaitikia amina.

Tangu siku hiyo funguo anazo yeye. Wazee wamesema ndani ya kambi ataendesha yeye tu. Sokoni bado kuna wanaoniita Mama Maharage.

Sasa sikilizeni. Juzi nilitoka sokoni mapema, nikapita pale uwanja wa mpira. Nikaona gari letu na ruloti, zimejikunja hadi zinakaribia kugusana. Ndani yuko bwana wangu, peke yake, shati limelowa jasho. Anakata kulia, inakwenda kushoto. Anashuka, anatazama, anapiga tairi teke, anarudi ndani, anakata kulia tena. Nilisimama nyuma ya ukuta nikatazama hadi miguu ikauma. Kisha nikaondoka kabla hajaniona.

Jioni, watoto wako nje, akaja jikoni na sauti laini ambayo sijaisikia tangu uchumba. "Mama, kambini mi njo nitaendesha. We utakaa pembeni. Utaniambia polepole, lakini usionyeshe mukono, bantu basione."

Nikamuuliza, "Na utawaambia kwamba mwaka jana ni wewe uliyenikosesha?"

"Ile ilishapita. Unataka bantu banicheke?"

Mimi walinicheka mwaka mzima! Mimi nilihubiriwa!

Kambi ni wiki ijayo. Nikimnong'oneza, ataegesha vizuri, watampigia makofi, na mimi nitabaki mkaidi wao. Nikinyamaza, ataivunja ruloti yangu, na mama mkwe atalala chini na miguu yake ile. Dada yangu anasema nimnyang'anye funguo niendeshe mwenyewe, ndoa ikitaka kuvunjika ivunjike. Msiniandikie ninyenyekee, hilo nililifanya, matokeo yake mmeyasoma.

Ninampenda bado, hilo ndilo linaniudhi zaidi. Sitaki anipigie magoti. Ninataka asimame mbele ya wale wale watu aseme, "Ni mi nilimuambia akate droite." Nilimwomba hivyo leo asubuhi. Amesema bora tusiende kabisa.

Nishaurini, nimnong'oneze au ninyamaze?