Medali Iliyoandikwa kwa Msumari

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuita feki kila medali ya kale ambayo jina lake halikuchongwa kiwandani. Kazi hii ya kukagua medali nilijifunza peke yangu, kwa simu na lenzi ya sonara, na niliogopa kukosea kuliko kumuumiza mtu.

Juzi mama mmoja wa Rhotia aliniletea medali ya vita ya babu yake. Ilinukia majivu na ndimu. Jina ukingoni lilikuwa la vitone, na vitone vilikata juu ya mikwaruzo ya zamani, kwa hiyo liliwekwa baadaye. Nikashusha lenzi. Harufu ile naijua.

Nilikuwa mdogo, nimeshika kitenge cha bibi sokoni Karatu, mbele ya fundi wa kuandika majina kwenye sufuria kwa nyundo na msumari. Bibi akampa medali ya marehemu babu.

"Bibi, hii ni ya jeshi, siyo sufuria," fundi alicheka.

"Sufuria zangu zikienda msibani zinarudi, kwa sababu zina jina. Hii ikipotea, nani atajua ni ya mume wangu? Gonga, baba."

Akagonga. Bibi akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka jina likang'aa, tukarudi nyumbani tukitafuna muwa.

"Ni halisi?" yule mama wa Rhotia aliuliza.

"Medali ni halisi, mama. Jina liliandikwa baadaye, huku kwetu."

"Ndiyo. Bibi yangu aliogopa isije ikapotea."

Siku hizi herufi kama hizo siziiti feki. Nasema ziliongezwa, kisha nauliza nani aliipeleka medali kwa fundi.