Benchi la Baba Lililoivisha Pilau

Enzi zetu mtoto wa seremala hakuulizwa akikua atakuwa nani. Tayari alikuwa na cheo, na cheo chenyewe kilikuwa uzito. Baba yangu alikuwa na banda la useremala nje ya nyumba yetu hapa Kilakala, upande wa njiani, na ndani yake lilikaa benchi la kazi, ile meza nzito ambayo fundi hupigia randa na kukatia mbao. Kila alipotaka kupasua ubao mrefu alituita mimi na dada yangu Mwajuma, tukapanda benchini na kuukalia ubao ili usirukeruke. Mimi nilikuwa mnene, kwa hiyo nilipewa upande wa karibu na msumeno. Nilijivuna kwelikweli. Siku moja mwalimu aliuliza kila mtoto anamsaidia nini baba yake, nikasimama nikajibu kwamba mimi ni fundi mdogo. Mwajuma alikuwa akipita dirishani na ndoo ya maji ya bustani ya shule. Akasema, "Muongo, yeye ni jiwe." Jina likanikaa mpaka nikamaliza la saba, na sokoni ninakouza vipuri vya baiskeli wapo watu wazima wenye wajukuu wanaoniita Jiwe mpaka leo.

Nakumbuka maranda yakitoka kwenye randa yamejikunja kama nywele za mtoto. Mwajuma aliyafanya heleni, mimi nikayafanya ndevu. Nakumbuka harufu ya mninga iliyotuingia mpaka kwenye sare za shule, na akina mama waliotoka mlimani na mikungu ya ndizi kichwani, wakaitua juu ya benchi ili wapumzishe shingo kabla ya kuendelea sokoni. Baba alisimamisha kazi, wakasalimiana kwa Kiluguru kirefu ambacho sisi tulikielewa nusu, nasi tukatoa shikamoo moja ya haraka huku macho yako kwenye ndizi. Kila mmoja alituachia mbili tatu. Tulizilia chini ya benchi, tumekaa kwenye maranda, mvua ya mlimani ikipiga bati hadi tusisikizane. Jioni mama alikuja na ufagio, akayakusanya maranda yote, akawashia moto wa chai. Chai ya kwetu ilinukia mninga. Nilipokunywa ya jirani mara ya kwanza, nilidhani imeharibika.

Sharti la kuwa uzito lilikuwa moja tu, usicheke. Ukicheka ubao unatikisika, na msumeno unaacha mstari. Baba hakugomba. Alisema tu, "Utacheka baadaye." Mwajuma alilijua hilo, ndiyo maana alinifinya. Mlango wa choo chetu una mpindo huku chini unaotokana na mfinyo mmoja wa namna hiyo. Wageni walipouliza, baba aliwaambia ni wa kupitisha hewa.

Watoto wa siku hizi wana raha zao. Kabati zao ni unga wa mbao ulioshindiliwa, ukimwagikiwa maji unaumuka kama andazi. Binti yangu alinionyesha kwenye simu mtu akitengeneza benchi la kazi kwa dakika nane, muziki unapigwa. Nilimwangalia kwa makini sana, kwa sababu wakati huo mimi nilikuwa na wiki ya tisa natengeneza la kwangu.

Sababu ya kulitengeneza sijawahi kuisema mbele ya watu, sasa naisema.

Baba alifariki mwaka huu masika yalipoanza. Siku ya tatu tulisoma hitma, wapishi wakaweka masufuria ya pilau uani. Mvua ikashuka kutoka mlimani kama ilivyozoea, kuni zote zikalowa. Kijana mmoja wa wapishi alinifuata nilipokuwa nimekaa na wazee, akanong'ona, "Kaka, kuni haziwaki. Tufanyeje?" Nikamwambia kuna mbao bandani, wachukue. Nilikuwa na maana ya vile vipande vya mkaratusi vilivyorundikwa pembeni. Sikunyanyuka kwenda kuwaonyesha. Nilikuwa nalia, na pia nilikuwa napenda kidogo kuonekana nalia, kwa sababu wazee walikuwa wananishika bega.

Baba alijenga benchi lake bila msumari hata mmoja, ili chuma kisije kikauma randa. Lilikuwa la mninga mtupu, limeungwa kwa vigingi vya mbao tu. Kwa hiyo vijana hawakupata taabu. Waligonga vigingi vikatoka, likafumuka. Nilipokwenda uani nilikuta mguu wa benchi uko chini ya sufuria, unawaka vizuri, na mwingine umeegemezwa ukutani unasubiri zamu. Ningeweza kuuokoa ule wa pili. Ila watu walikuwa wanangoja chakula, nami niliona aibu. Nikarudi nikakaa. Pilau ilipoletwa nilikula sahani mbili.

Mama alikuwa ndani. Alikuwa ameanza eda, miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani, na kutoka chumbani kwake huwezi kuliona banda. Nikateremsha mkeka mlangoni pa banda. Nikajiambia kwamba siku atakayotoka atalikuta benchi lipo. Mama hakuwahi kutuomba kitu maishani, lakini jioni ile ya hitma alimwambia Mwajuma kwamba akitoka, kitu cha kwanza anachotaka ni kwenda kukaa bandani kwa Fundi, ndivyo alivyomwita baba.

Basi mimi, Jiwe, nikawa seremala. Kazi niliifanyia kwenye baraza ya Mwajuma, mtaa wa tatu, ili mama asisikie nyundo. Mninga sikuupata kwa uwezo wangu, nikanunua mkaratusi uliokuwa bado mbichi. Wiki ya pili ulijipinda kama mtu anayeumwa tumbo. Nikanunua mwingine. Vigingi vyangu vya kwanza vilikuwa vyembamba, vikapita vikaangukia upande wa pili. Vya pili vilikuwa vinene, vikapasua miguu. Mwajuma alileta kiti akawa anatazama. Aliniambia nimefanya vizuri kuuza vipuri. Ila mwishoni benchi lilisimama. Niliweka chupa ya maji juu yake, maji yakalala sawasawa. Nikapanda nikarukaruka na mwili wangu wote huu, halikutikisika. Nilishuka, nikaenda nyuma ya nyumba ya Mwajuma, nikalia peke yangu bila mzee wa kunishika bega.

Usiku wa kuamkia siku ya mama kutoka, tulilibeba watu wanne mpaka bandani, tukalitua mahali pale pale. Likainama. Lilielekea njiani kama mbuzi anayekunywa maji. Niliweka kokoto chini ya miguu, nikashusha mkeka, nikaenda nyumbani nisilale.

Asubuhi mama alioga, akavaa khanga mpya, tukasoma dua. Kisha akatoka, akaenda moja kwa moja bandani, sisi nyuma. Akauinua mkeka mwenyewe. Akaliangalia benchi, akalipapasa kwa kiganja.

"Hili silo," alisema.

"Silo, mama."

"Najua silo. Pilau ya baba yako ilinukia mninga."

Alisema maisha yake yote ya ndoa alichemsha chai kwa maranda yale, angeacha vipi kuijua harufu yake? Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya muda wote huo.

"Niseme nini, baba, na wageni wanakula? Na wewe mwenyewe nasikia ulikuwa unakula."

Mwajuma akaangalia bati. Nikajua nani aliyehesabu sahani.

Mama alibonyeza kona ya benchi, kokoto moja ikachomoka, likainama. Akaniuliza kama nimesahau kwamba sakafu ile ina mteremko, maana baba aliiacha hivyo makusudi ili maji ya mlimani yapite yasituame. Miguu ya upande wa njiani aliifanya mirefu. "Umekaa juu yake utoto wako wote. Hukuona?"

"Niliona nimekaa tu, mama."

Nikasema nitamwita fundi aje apunguze miguu ya upande wa juu. Mama akauliza, fundi gani? Akachukua msumeno wa baba ukutani, akanipa. Tukalilaza benchi ubavu. Akakaa juu yake, upande wa karibu na msumeno, ule uliokuwa wangu.

Wakati ule tulikuwa watoto wawili wazito juu ya ubao, na fundi mmoja chini anayejua anachokifanya. Sasa fundi ni mimi, na uzito ni mama, aliyetoka eda amepungua hata khanga inamzunguka mara mbili. Benchi lilikuwa linasogea kila nilipovuta msumeno. Nikamwambia anatosha. Siku hizi watu hubana mbao kwa vyuma, wala hawahitaji mtu wa kukaa. Nami ningeweza kuvinunua vyuma hivyo.

Nilipofika katikati ya mguu, nilihisi benchi linatetemeka. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, ameziba uso kwa ncha ya khanga, mabega yanacheza. Sikujua kama anacheka ile pilau au analia. Nilitaka kumwambia, "Utacheka baadaye," lakini je, kama analia? Nikaendelea kukata, msumeno ukaacha mstari.

Benchi sasa limesimama sawa. Mguu ule una mpindo, na jioni mama hukaa hapo na kikombe chake cha chai. Mtu akiuliza kuhusu mpindo, namwambia ni wa kupitisha hewa.