Sentimita Nne za Beryl

Neville Entwistle aliapa mbele ya mashahidi kumi na mmoja na mbwa mmoja, katika baa ya mtaani kwetu hapa Colne, kwamba gari lake halitatoka gereji kwa miguu yake mpaka lishuke chini ya kilo mia tano. Hakuna aliyemwomba aape. Lakini Alec Pickup alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutangaza kwamba la kwake lina mia tano na tano, na katika chama cha watu wanaojiundia magari nyumbani, kutajiwa uzito wa gari la mwenzako ni sawa na kutukaniwa mama.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Gari lilifika likiwa maboksi kumi na manne: mabomba ya fremu, injini ya kuvuliwa kwenye gari la ajali, viti viwili vyenye upana wa sinia. Mlango hakuna, paa hakuna. Neville, fundi bomba mstaafu, alilijenga kwa miaka miwili. Saba iliyobaki alikuwa akilibomoa polepole kwa drili. Alitoboa pedali. Alitoboa mkono wa gia mpaka ukafanana na filimbi. Alikata ncha za bolti, akazipima kwenye mizani ya unga ya mkewe, akaandika daftarini: gramu tatu, gramu nne. Siku aliyopunguza gramu arobaini kwenye breki ya mkono alijipongeza kwa pai ya nguruwe ya gramu mia nne, na pai haikuandikwa popote. Neville mwenyewe ana kilo mia moja na nne, lakini hizo ni za dereva, hazihesabiki.

Mkewe Beryl alishona magauni ya harusi kwa miaka arobaini, kwenye chumba cha mbele. Katika gari lile alitaka jambo moja tu: apelekwe Morecambe, pwani walikokwenda fungate, akale uduvi wa siagi. Aliahidiwa mwaka wa pili. Jibu lilikuwa lilelile kila akikumbusha: likishapungua. Na Jumamosi ya wiki ninayoisimulia alikuwa anatimiza sabini.

"Nev," alimwambia Jumatatu, "hata mimba ya tembo haifiki miaka tisa."

"Jumatano napima, mke wangu. Kwa mujibu wa daftari tuko mia nne sabini na moja."

"Daftari limehesabu rangi?"

Neville akakuna shingo. Daftari halikuhesabu rangi. Wala nyaya, wala gundi, wala oili, wala maji ya rejeta. Wajenzi wa magari hawahesabu vitu hivyo, ndiyo maana kila gari la nyumbani ni jepesi mpaka siku ya kupimwa.

Mizani yenyewe ilikuwa ile ya bafuni, inayokomea kilo mia na thelathini, ambayo Neville hakuwa ameikanyaga tangu Krismasi ya mwaka juzi. Kuiwekea gurudumu la nyuma moja kwa moja ni kuiua. Kwa hiyo akatafuta ubao. Ncha moja juu ya tofali, ncha nyingine juu ya mizani, kati ya ncha hizo sentimita mia na hamsini. Gurudumu likikaa sentimita hamsini kutoka kwenye tofali, mizani inabeba theluthi tu ya mzigo, na tofali linabeba zilizobaki bila kunung'unika. Unasoma, unazidisha kwa tatu, unahamia gurudumu jingine. Matofali yalikuwa yangu, mimi jirani yao, na mtu akiazima matofali kwako hapa kwetu, ujue na mgongo wako umeazimwa.

Jumanne Neville alichora alama ya penseli kwenye ubao, pale pale hamsini, akaenda dukani kufuata pai. Nilipopeleka tofali la mwisho nilimkuta Beryl anatoka gereji, futi kamba shingoni, penseli sikioni. Akanisalimia vizuri sana.

Jumatano tulipima. Mbele thelathini na tisa, na thelathini na nane na nusu. Nyuma arobaini na nne, na arobaini na nne. Neville akazidisha mara tatu, akarudia kuzidisha kwa sauti, kisha akakaa juu ya kopo la rangi.

"Mia nne tisini na sita na nusu," alisema, kama mtu aliyepata mjukuu.

Akampigia Alec simu papo hapo.

"Umepimia nini?" Alec aliuliza.

"Mizani ya bafuni."

"Ile inayosema wewe una tisini? Mzee mwenzangu, lipeleke kwenye mizani ya malori, pale kwa wauza vyuma chakavu. Jumamosi asubuhi. Nitakuja na chai yangu."

Jumamosi, kwa mara ya kwanza, gari lilitoka gereji kwa miguu yake, likinguruma mpaka vikombe vyangu vikagongana kabatini. Beryl alikuwa ameketi kushoto, kitambaa kichwani, kikapu mapajani. Mimi nilifuata nyuma kwa gari langu, maana kitu kama hicho hakikosi shahidi.

Pale mizanini Neville alimshusha mkewe, akashusha na kikapu, akashuka na yeye. Mzee wa mizani akachungulia dirishani.

"Mia tano arobaini."

"Hebu rudia."

"Naweza kurudia mpaka Krismasi. Mia tano arobaini."

Alec akapuliza chai yake. "Labda ni vumbi la njiani."

Uso wa Neville ulikuwa umeshuka kuliko gari lilivyowahi kushuka.

"Nilisogeza alama," Beryl akasema. "Ulichora hamsini, mimi nikakuwekea arobaini na sita, tofali likabeba zaidi."

"Umenidanganya, Beryl?"

"Nimekushonea. Bibi harusi anakuja, anasema yeye ni saizi kumi. Namshonea kumi na nne, nambandikia lebo ya kumi, analia kwa furaha. Hakuna hata mmoja aliyerudisha gauni."

"Lakini niliapa."

"Uliapa halitatoka gereji. Hapa ni gereji?"

Neville akatazama huku na huku: mlima wa friji mbovu, na juu yake kunguru.

"Kiapo kimekufa saa tatu na robo, ulipolipita duka la mboga," Beryl aliendelea. "Sasa ama ulisukume mpaka nyumbani, ama ukate kushoto, twende Morecambe."

Neville alimgeukia Alec taratibu. "La kwako lilipimwa wapi, kwani?"

Alec akatazama viatu vyake. "Bafuni."

"Lile jekundu pale?" mzee wa mizani akauliza. "Lilete, mizani iko wazi."

Alec akakumbuka ana mgeni nyumbani.

Beryl alipokea risiti dirishani, akatoa mkasi kikapuni, akaikata namba kama anavyokata lebo, akaiachia upepo. Kisha akapanda. Walikata kushoto.

Walirudi jioni, pua nyekundu, wananuka siagi. Jumatatu nikasikia drili tena. Nikaenda na mdomo umejaa maneno, nikakuta Neville anafunga kichanja cha chuma nyuma ya viti, cha kuwekea kikapu cha Beryl. Nilikishika. Si chini ya kilo tatu.

"Umeandika daftarini?" nikamuuliza.

"Hebu nishikie hiyo nati," akasema.