Fundi Aliyesema Hajui

Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikuachia hata gauni likichakaa likageuzwa tambara la kudekia. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani viwili na kioo kirefu. Uani nyuma, mumewe seremala alipiga randa mbao zake. Mteja akilalamika kwamba nguo imembana, Bi Pindo alimjibu, "Nguo iko vilevile, mwenzangu. Wewe ndiye uliyeongezeka baraka."

Alipofika miaka arobaini na sita akaota uvimbe, na hospitali wakamkata titi la kushoto. Madaktari wakasema amepona, majirani wakaja na pole zao, naye akaitikia zote. Lakini kovu lake hakumwonyesha mtu. Akawa anavua nguo nyuma ya mlango. Kisha akahamishia godoro chumba cha kushonea, eti kazi zimemzidi, na mumewe akawa anapiga hodi kwenye chumba cha mkewe mwenyewe. Akimuuliza ana nini, jibu lilikuwa moja: "Sijui."

Kwa ajili ya macho ya watu alijitengenezea titi la kitambaa: mfuko wa pamba laini, ndani sufi, na mchele kidogo ili upate uzito. Akauchomeka kwenye sidiria, akajitazama kiooni, akaona mambo si mabaya.

Siku moja alikuwa anampima bibi harusi, mama mtu na mashangazi wawili wameketi kwenye benchi. Bi Pindo akainama chini kuweka alama, pini zimemjaa mdomoni. Mfuko ukamchoropoka shingoni mwa gauni, ukaanguka sakafuni, mshono ukapasuka. Mchele ukamwagika mpaka chini ya benchi.

Shangazi mmoja akacheka. Si kwa ubaya, kicheko kilimponyoka tu, naye akaziba mdomo upesi. Bibi harusi, binti mwenye adabu zake, akauokota mfuko kwa mikono miwili.

"Fundi, kitu chako kimeanguka."

Bi Pindo alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata kujibu hakuweza, mdomo umejaa pini. Aliupokea, akaingia uani, na hakutoka tena mpaka wenyewe walipojiondokea. Gauni likaenda kumaliziwa kwa fundi mwingine. Duka likafungwa wiki tatu.

Alipofungua, wateja walimkazia macho usoni kupita kiasi, wakijitahidi yasije yakateremka. Hilo lilimuunguza kuliko kile kicheko.

Ndipo akaja mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo, amekumbatia rundo la madaftari kifuani. Alingoja wateja waishe.

"Dada, samahani. Nimesikia unashona ile... ya kuweka ndani."

"Nani kakwambia?"

"Watu tu. Mimi nami walinikata. Nikinyanyua mkono kuandika ubaoni, gauni linabonyea upande mmoja. Watoto wanaona, dada. Wameshanipa na jina."

Bi Pindo akahisi masikio yanawaka moto. "Hapa tunashona magauni na sare, mwalimu. Hayo mengine mimi siyajui."

Mwalimu alimtazama kidogo. Alijua anadanganywa, na Bi Pindo aliona kwamba anajua.

"Basi nimekosea mlango. Niwie radhi."

Akatoka, madaftari ameyabana vilevile kifuani.

Mchana kutwa Bi Pindo hakufanya kazi ya maana. Mkono wa kulia wa shati aliushona kushoto, akafumua, akarudia kosa lilelile. Aibu ya siku ile ilimwangukia bila yeye kutaka. Hii ya leo aliitenda kwa mdomo wake, kwa mtu aliyekuja mlangoni kwake ameinamisha kichwa.

Jioni alimfuata mumewe uani.

"Amekuja mtu mwenye shida kama yangu. Nikamwambia sijui."

Seremala alipiga randa mara mbili tatu, kisha akaiweka chini.

"Hata mimi umeniambia hujui, mke wangu. Mwaka mzima sasa."

Hakusema kwa hasira. Angefoka, mkewe angepata la kumrudishia. Bi Pindo akakaa palepale kwenye maranda, akalia, akamweleza yote: kovu, kioo, godoro.

"Kumbe," mumewe alisema. "Mimi nilidhani umenichoka."

Kesho yake, saa ya mapumziko, Bi Pindo alikwenda shuleni. Mwalimu alimpokea kwa adabu baridi, akamwingiza kwenye stoo ya chaki na mipira. Bi Pindo akafunga mlango.

"Jana nilikudanganya. Sina pa kuuweka uso wangu."

Kisha akafungua vifungo vya gauni. Ukiacha wauguzi, hakuna aliyekuwa ameliona kovu lile. Mwalimu alilitazama bila haraka.

"Ule wako uliujaza nini?"

"Mchele."

"Mchele!"

"Usithubutu. Ukitoka jasho unanuka uji."

Wakacheka, wakashikana mikono, wakacheka tena mpaka kengele ikagongwa na mwalimu akachelewa darasani.

Mfuko wa mwalimu aliutia shanga ndogondogo badala ya mchele, na kifungo cha kuushikiza kwenye sidiria. Baada yake akaja mke wa kinyozi, halafu muuguzi, halafu wengine wa mbali waliotumwa na huyo muuguzi. Godoro lilirudi chumbani, ingawa miezi ilipita kabla Bi Pindo hajavua nguo taa ikiwa inawaka.

Kila mgeni wa shida hiyo, kabla ya kupimwa, Bi Pindo humsimulia jinsi alivyomfukuza wa kwanza. Mwalimu amemsihi aache, yalishapita, yeye alishasamehe zamani. Bi Pindo humwambia amesikia, na mteja anayefuata humsimulia tena.