Sanduku Lilipogeuka kwa Mama Feza

Nilipokuwa mtoto, wafu wote wa avenyu yetu walipumzika mbele ya nyumba ya Mama Feza kabla ya kwenda kuzikwa. Sisemi hivyo kwa kupamba. Avenyu yetu, hapa Kalemie, inaanzia karibu na ziwa na kupanda mlima mpaka makaburini, na katika mwinuko wote huo palikuwa na mahali pamoja tu pa bapa: pale Mama Feza alipochimba na kusawazisha kwa jembe ili magunia yake ya makala, makaa ya kupikia, yasimame bila kuanguka. Vijana waliobeba sanduku la maiti walifika pale wakihema, wakalitua, wakajifuta jasho, wakabadilishana mabega, kisha wakaendelea. Hakukuwa na zaidi. Yeyote aliyewahi kupandisha ndoo ya maji kwenye mlima ule angeelewa, na sote tulipandisha.

Nkambo, mama mzazi wa baba yangu, ambaye tuliishi naye, hakuelewa hivyo. Kwake sanduku lilikuwa na akili. Mtu aliyeuawa na mtu, alituambia huku tukichambua sombe, majani ya muhogo, hakubali kuzikwa kimya. Huwasukuma wanaombeba mpaka wafike kwa aliyemla kwa uchawi. "Sanduku ikisimama, musiangalie mulango yenye inaangalia," alituonya. "Siku moja itageuka." Tulitetemeka, na bila shaka tuliangalia.

Mama Feza alikuwa mjane, muuza makala, na ndiye aliyetunza vitu vya matanga vya avenyu nzima: sufuria kubwa, viti vya plastiki, na bashi la buluu la kufunika uwanja mvua ikinyesha. Kila nyumba ilikuwa imechangia, wa reli, wa bandari, walimu, hata wale Waislamu wa nyumba ya kona ambao babu zao walikuja na biashara ya ziwa. Mtu akifa, hukuhitaji kuomba. Machozi ya kwanza hayajakauka, Mama Feza alishafika mlangoni, sufuria kichwani, akigombeza watu wasogee. Alikuwa na ulimi. Nilimsikia akimwambia mzee mmoja katikati ya matanga: "Papa, wewe umelia mara moja, umekula mara tatu. Hebu lia tena kidogo, tuwe sawa." Watu walicheka mpaka mfiwa naye akacheka. Yule mzee hakucheka.

Kisha ukaja ule msimu wa mvua ambao kolera iliingia kwetu ikagoma kutoka. Bomba la avenyu lilikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo. Tulichota ziwani, palepale watu walipooga na kufua, na kila wiki palikuwa na kilio nyumba hii au ile.

Papa, baba yangu, alikuwa karani bandarini, mtu wa shati la mikono mirefu na redio ya Kifaransa. Mezani alitueleza waziwazi kwamba sanduku husimama kwa sababu ya mlima, na watu wanakufa kwa sababu ya maji. Alituchemshia maji kila jioni, mlango ukiwa umefungwa, kama mtu anayepika kitu cha wizi. Nilipomuuliza kwa nini asiwaambie majirani, alijibu kwamba watu wale hawajawa tayari. Nilikuja kugundua ukubwani kwamba maneno hayo hayana maana yoyote. Ni namna ya kufunga mlango kwa sauti ya upole.

Majirani walikuwa na hesabu yao. Kila mtu alipokufa, Mama Feza alifika wa kwanza. Kila sanduku lilipopita, lilisimama kwake. Bombani, ambako wanawake waliendelea kukutana kwa mazoea tu, nilisikia maneno yakianza.

"Yeye anajuaka namna gani mapema vile?"

"Labda anaambiwa."

"Na nani?"

"Na mwenye kufanya."

Wakacheka, kile kicheko cha kuangalia nyuma kwanza. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwenyewe, kwa hiyo Mama Feza aliendelea kuwahi. Nafikiri angechelewa mara moja tu, kwa uvivu au kwa chuki, labda angepona.

Siku ile tulikuwa tunamzika Kalonda, kijana aliyebeba watu kwa pikipiki, mtoto pekee wa mama yake. Alianza kuharisha asubuhi ya jana yake. Jua lilipozama alikuwa amekwisha. Waliombeba ni rafiki zake, wamekunywa lutuku, ile pombe kali ya mahindi, na walipanda mlima wakikimbia kushoto na kulia, wakiimba kwa sauti zilizokwisha pasuka. Kwa Mama Feza walitua, kama kawaida. Walipoinua tena, wa mbele aliteleza kwenye matope, sanduku likazunguka, upande wake wa kichwa ukaelekea mlango wa Mama Feza. Mimi nilikuwa kwenye ua wetu ng'ambo ya barabara, nikauona mguu ukiteleza. Wengine waliona kitu kingine.

"Ni kwake!" mtu akapiga kelele. "Kalonda anaonyesha!"

Watu wakaanza kuokota mawe. Nkambo, aliyekuwa kando yangu, aligeukia dirisha letu, ambako Papa alikuwa amesimama akitazama.

"Musafiri, toka useme na hawa vijana."

"Mama, niwaambie nini?"

"Ile unatuambiaka kwenye meza. Kama ni mulima."

"Hawatanisikia."

"Basi wasisikie. Lakini useme."

"Mama, si wewe mwenyewe unaamini sanduku inasukuma watu?"

"Ndiyo, naamini. Njo maana nakutuma wewe."

Papa alifunga dirisha. Alisema vumbi litaingia, na barabara yote ilikuwa matope.

Nkambo akakaza kitenge chake, akachukua kigoda cha jikoni, akavuka barabara na yale magoti yake mabovu. Watu walimpisha, labda wakidhani anakuja kushuhudia. Alifika kwenye kizingiti cha Mama Feza, akaweka kigoda, akakaa. Mlango nyuma yake ulikuwa umefungwa kwa ndani, na sote tulijua nani yuko humo.

Aliyeongoza wabebaji, kijana aliyeitwa Djo, alisogea mpaka ubao wa sanduku ukakaribia uso wa Nkambo.

"Nkambo, toka. Maiti anataka kupita."

"Angojee. Mufu hana haraka. Mi njo muzee, na nimeshakaa."

Kuna waliocheka. Djo hakucheka. "Hatuna neno na wewe, Nkambo. Tunamutaka ule wa ndani."

"Ule wa ndani alikupikia kwenye matanga ya mama yako. Ulikula, nilikuona. Uliomba na ukoko."

"Njo vile! Alifika na sufuria mama hajapoa bado. Nani alimwambia?"

Nilingoja Nkambo aseme neno kubwa la kuwanyamazisha wote. Alimwangalia tu yule kijana.

"Sijui," alisema. "Sijui, mwanangu."

Jiwe lilitoka nyuma ya watu. Lilimpata juu ya jicho, damu ikashuka mpaka kwenye kola ya blauzi yake. Hakuinuka. Watu wote walinyamaza kidogo. Kumpasua bibi kizee hakukuwa katika mpango wa mtu yeyote. Nadhani ni katika ukimya huo Mama Feza alitoka kwa nyuma, kati ya magunia ya makala, miguu mitupu, akateremka ziwani. Baadaye tulisikia kwamba wavuvi waliokuwa wakirudi Zongwe, kijiji cha mbali ufukweni, walimpakia.

Djo na wenzake walitua sanduku katikati ya barabara. Kisha walimwinua Nkambo pamoja na kigoda chake, kwa heshima kubwa, mmoja akimwambia "pole, Nkambo", wakamweka pembeni, ndipo wakavunja mlango.

Hawakukuta mtu. Wakang'oa mabati. Wakatoa sufuria, viti, bashi, wakagawana wakigombana, na hakuna aliyekumbuka kwamba walikuwa wanajiibia wenyewe. Magunia ya makala yakatiwa moto, na makala yale hayakuwa na ndimi za moto za kutosha kumfurahisha mtu. Yaliiva mekundu polepole, yakaendelea kuiva mpaka kesho yake, na avenyu nzima ikakohoa. Kalonda, ambaye sote tuliambiwa ana haraka, alibaki barabarani peke yake. Manyunyu yalipoanza, mama yake alivua kitenge cha juu, akafunika sanduku, akakaa kando yake kwenye matope. Ilipokaribia jioni vijana walirudi mmoja mmoja, hawaangaliani, wakambeba. Njia yote iliyobaki hakumsukuma mtu.

Nyumbani Papa alimwosha Nkambo kile kidonda kwa maji yaliyochemshwa. Nkambo alitulia akamwachia. Hakumwambia neno, wala siku ile wala wiki ile.

Vifo havikukoma Mama Feza alipoondoka. Matanga ndiyo yaliyokoma. Kwanza kila mtu alikuja na kiti chake. Halafu watu wakaanza kuja wakasimama, wakatoa pole, wakaondoka kabla ya njaa. Mwishoni walituma watoto. Kolera ilipotoka, ilituacha avenyu ya watu wanaosalimiana kwa mkono bila kusimama.

Wakati wa likizo ndefu Nkambo alinichukua, tukapanda mtumbwi wa mashine mpaka Zongwe. Hakumwaga Papa vizuri. Mama Feza alikuwa na kaka yake pale, mvuvi, lakini maneno yalikuwa yamefika kabla yake. Kaka hakumfukuza. Alimjengea kibanda kupita uwanja wa kuanikia samaki, mbali kidogo na mbali ya kutosha. Mama Feza alikuwa amekonda, na kilichonitisha zaidi ni kwamba hakusema mzaha wowote. Walisalimiana sana. Waliuliziana habari za kila mtu kwa jina, hata za wale waliochukua sufuria. Kisha nikaona Nkambo anakusanya nguvu.

"Mama Feza, unisamehe nikuulize. Uliwakula?"

Ndipo nikaelewa, nikiwa na umri wangu ule mdogo, kwamba alikuwa amekaa kwenye kile kizingiti bila kujua.

Mama Feza hakukasirika. Aliangalia mikono yake.

"Nilikuwa nasema hapana," alijibu. "Sasa hata mi sijui tena, Nkambo. Watu wote wakikuambia, unaanza kujiuliza. Nikisha kulala, mi najua naendaka wapi?"

Nkambo hakumtuliza. Hakusema wewe ni mtu mwema, wala Mungu anajua. Mama Feza akainuka kwenda kwenye moto. Alipika bukari, ugali wa muhogo, na ndakala, dagaa wa ziwani. Nilimwona akileta sahani, na nilimwona akiiweka chini mbele yetu na kurudi nyuma, kama mtu aliyezoea sahani yake kurudi ilivyo. Pale Zongwe, kama kwetu, kila mtoto alijua kwamba uchawi wa mtu kama yule huingia mwilini kwa njia ya chakula. Nilimtazama Nkambo. Jibu alilolifuata kwa safari yote ile hakulipata.

Alinawa. Akakata tonge, akachovya, akala.

"Kula, mama," aliniambia bila kunitazama. "Imeiva vizuri."

Mama Feza alifia kulekule kabla sijamaliza shule ya msingi. Tulipata habari tukiwa tumechelewa, na sijui kama kulikuwa na mtu wa kumpikia waombolezaji, wala kama waombolezaji walikuwepo. Nkambo alifuata miaka kadhaa baadaye, akiwa bado anaamini kwamba sanduku lina akili. Papa yuko hai; bado ana maoni mazuri sana kuhusu kila kitu, na bado huyatoa mezani.

Mimi nimesoma, nimerudi, na kazi yangu hunikalisha kwenye semina za kuishi pamoja kwa amani, zenye chupa za maji na kofia za bure. Tunaulizwa jirani ni nani, tunaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, tunapiga makofi. Sijawahi kusimulia habari ya Zongwe mle ndani, kwa sababu najua mtu atauliza kwanza kama yule mama alikuwa mchawi kweli, na ataridhika nikisema hapana, ilikuwa maji ya ziwa. Ni kweli, ilikuwa maji ya ziwa. Lakini Papa alilijua hilo, akafunga dirisha. Nkambo hakuliamini mpaka anakufa, na mkono wake ulikwenda kwenye sahani.